Gari na dereva kwa siku nzima Unguja: inalipa wapi, inaharibika wapi

Kwa familia ya watu wanne au watano wanaotaka kuiona Unguja nje ya Mji Mkongwe, kukodi gari pamoja na dereva wake kwa siku nzima ndiyo huduma tunayoipa alama za juu kuliko zote. Daladala ni za bei nafuu mno na zinafika karibu kila kijiji (116 inakwenda Nungwi, 309 Jambiani), lakini haziwezi kukusubiri msituni Jozani halafu zikakuwahisha Pingwe kabla maji hayajajaa. Kujiendesha kunawezekana, ila mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa awe na kibali cha kuendesha cha Zanzibar mkononi, na akisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi ajieleze mwenyewe. Dereva mwenyeji anakuondolea yote hayo.

Alama zinashuka pale siku inapopangwa vibaya. Na ubaya huo kwa kawaida umeshaingia usiku wa kuamkia safari, kwenye simu, kabla gari haijawashwa: mteja amenunua orodha ya vituo, dereva ameuza bei, na hakuna aliyeangalia maji yanajaa saa ngapi.

Njia zilivyo

Barabara kuu za Unguja zinatoka mjini na kutawanyika kama vidole vya mkono. Kimoja kinapanda kaskazini kwa Bububu, Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni hadi Nungwi, kiasi cha kilomita 60. Kingine kinakwenda mashariki kwa Dunga hadi Chwaka. Kingine kinapita Tunguu na Jozani mpaka Kitogani, ambapo njia inagawanyika, kushoto Paje na kulia Kizimkazi. Njia za kuviunganisha vidole hivyo huko mbele ni chache. Anayetazama ramani kwa haraka anaona Chwaka na Michamvi zinatazamana, akadhani ni mwendo wa dakika kumi. Kati yao kuna Ghuba ya Chwaka, haina daraja, na gari inalazimika kurudi ndani ya kisiwa, ishike njia ya Jozani, ifike Paje, ndipo ipande tena Bwejuu na Dongwe. Huo ni mzunguko wa zaidi ya saa moja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: siku moja, upande mmoja. Matangazo mengi ya mitandaoni yanauza "kisiwa kizima kwa siku moja", pomboo Kizimkazi asubuhi na machweo Nungwi jioni, katikati wametia viungo na Jozani. Hesabu saa zenyewe. Mjini hadi Nungwi ni saa moja na nusu, kwa sababu ndani ya vijiji mwendo ni kilomita 50 kwa saa na matuta ni mengi. Nungwi hadi Kizimkazi ni zaidi ya saa mbili, na kurudi mjini ni saa nyingine. Ratiba ya namna hiyo inakuweka kitini kwa zaidi ya saa nne na nusu, na kila kituo kinakuwa cha kupiga picha na kuondoka. Dereva atakubali, kwa kuwa wewe ndiye uliyeomba, lakini mafuta yatakwenda mengi na bei itapanda.

Upande unaofaidi zaidi gari ya siku nzima ni wa kusini mashariki: Jozani, Pingwe, Paje, na ukipenda Jambiani. Kutoka mjini hadi Jozani ni kama kilomita 35, saa moja kasoro kidogo ukishavuka msongamano wa Amani au Mwanakwerekwe. Lango la Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kima punju, ambao hawapatikani kwa asili popote ila Zanzibar, huchangamka asubuhi na alasiri. Mchana wa jua kali wanajilaza juu ya miti na unawaona kwa shida. Mwongoza wageni wa msituni yumo ndani ya kiingilio, hivyo dereva hana haja ya kuingia nawe. Tenga saa moja na nusu: msitu wenyewe, kisha njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko. Ukikaribia lango utapita matuta yaliyowekwa barabarani baada ya kima wengi kugongwa na magari. Dereva anayeyapita kwa breki za ghafla hapo atakuendesha hivyo hivyo siku nzima, na ni mahali pazuri pa kumwambia mapema apunguze mwendo.

Halafu ndiyo habari ya maji. Pwani ya mashariki ni tambarare. Yanapopwa, bahari huondoka ikakuachia mchanga, mwani na miba ya bahari, na kuogelea hakuna. Anayefika Paje saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu atasema pwani ni mbaya. Aliyefika siku hiyo hiyo saa kumi atasema hajaona pwani nzuri kama ile. Wote wamesema kweli.

Kanuni ya Unguja ni rahisi kuishika. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani kwenye bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, hupwa saa kumi au kumi na moja jioni. Hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Ukijua leo ni mwezi ngapi, yaani tarehe ngapi ya mwezi kwa kalenda ya Kiislamu, umeshajua siku yako iende vipi kabla hujafungua jedwali lolote.

Kwenye bamvua, yaani kuanzia mwezi 14 hadi 17 na siku za mwanzo wa mwezi, anza na msitu. Ondoka mjini saa moja na nusu, uwe Jozani saa mbili na nusu, utoke saa nne, ufike Pingwe kabla ya saa tano. Wakati huo maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi, na unakwenda kwa miguu hadi kwenye jiwe lenye mkahawa wa The Rock. Ukikaa kwa chakula cha mchana utarudishwa kwa mtumbwi, kwa kuwa bahari itakuwa imeshalizunguka jiwe. Meza za pale huwekwa kabla, siyo mlangoni. Kisha shuka Paje, uwe majini saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja. Kama unataka kuwaona kina mama wanaolima mwani wakiwa kazini, hilo ni jambo la saa za kupwa, kwa hiyo siku hiyo pitia Paje asubuhi kabla ya Pingwe, hata kwa dakika ishirini.

Siku za maji mafu pindua kila kitu. Paje kwanza, uogelee saa nne hadi saa sita, chakula, halafu Jozani saa tisa mchana, na saa kumi na moja kasoro unaelekea mjini. Dereva anayefaa atakueleza haya mwenyewe. Mwulize tu swali moja kwenye simu: "Siku hiyo maji ya Paje yanajaa saa ngapi?" Akijibu papo hapo, au akisema "ngoja nihesabu mwezi," umepata mtu. Akisema "maji yapo siku zote," endelea kutafuta.

Kaskazini ni tofauti. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali, unaogelea karibu saa yoyote, kwa hiyo ratiba inaongozwa na jua. Njiani kuna vituo vinavyostahili: magofu ya Maruhubi, kasri ya Sultani Barghash iliyoungua 1899, Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, mwaka 1844, hamamu za Kidichi zilizojengwa 1850 kwa amri ya Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, na Mangapwani, penye pango la matumbawe na chumba cha chini ya ardhi kinachohusishwa na magendo ya watumwa baada ya mkataba wa 1873 wa kuzuia biashara hiyo. Vyote hivyo viko kati ya mjini na Mahonda, au pembeni kidogo.

Ubaya wa siku ya kaskazini ni kurudi. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, na anayesubiri machweo Nungwi atarudi usiku. Barabara za vijijini usiku zina magari ya ng'ombe yasiyo na taa, baiskeli zisizo na taa, na watu wanaotoka misikitini baada ya isha. Kwa sababu hiyo siku ya kaskazini tunaipendekeza kwa mtindo mmoja tu: siku unayohama. Kama umelala Mji Mkongwe na unahamia hoteli ya Nungwi, safari hiyo utailipia vyovyote vile. Mwambie dereva akuchukue saa mbili asubuhi na mizigo yote, mpitie Mtoni, Kidichi, shamba la viungo na Mangapwani, akushushe hotelini saa tisa. Nyongeza juu ya bei ya kukupeleka tu huwa ndogo kuliko siku nzima ya kwenda na kurudi, na yeye anarudi mjini mchana kweupe. Sharti moja: mizigo isiachwe ndani ya gari bila mtu. Dereva akae nayo, na hilo lisemwe mapema kwa sababu baadhi yao huingia shambani na wageni.

Kuna siku ambazo gari ni hasara. Mji Mkongwe unatembewa kwa miguu. Vichochoro havipitiki kwa gari na unachohitaji ni mtu wa kukutembeza. Kisiwa cha Changuu kinaendewa kwa boti kutoka ufukweni hapo hapo mjini. Safari za jahazi za Fumba zinaondoka asubuhi na kurudi jioni, na gari iliyokodiwa siku nzima italala chini ya mwembe. Omba bei ya kupeleka na kurudi kuchukua.

Bei, na kilicho ndani yake

Bei hazina mita. Zinazotajwa sana kwa mgeni ni dola 10 hadi 15 kutoka uwanja wa ndege hadi mjini, dola 30 hadi 50 hadi Nungwi au Paje, na dola 60 hadi 100 kwa siku nzima kwa gari ya familia. Hiace na Alphard ziko juu ya hapo. Julai, Agosti na siku za Krismasi na mwaka mpya bei hupanda. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuna nafasi kubwa ya kupatana. Anayezungumza Kiswahili na kuomba bei kwa shilingi huanzia chini. Ulizia ya gari nzima, siyo ya kichwa.

Inasaidia kujua upande wa pili wa hesabu. Mjini, Jozani, Pingwe, Paje na kurudi ni kama kilomita 140 hadi 150. Toyota Noah yenye AC inayofanya kazi mfululizo hula lita 15 hadi 18 kwa safari hiyo. Bei ya lita hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati Zanzibar. Ukiiweka shilingi 3,000, mafuta peke yake ni kati ya 45,000 na 54,000. Madereva wengi gari si zao: kila siku wanapeleka hesabu kwa tajiri, kisha ndiyo wajilipe. Kwa hiyo mteja anayebana mpaka akapata siku nzima kwa bei ya kumpeleka Paje tu hajapata nafuu. Dereva atafidia mahali fulani. Atazima AC kwenye vilima, atakuharakisha ili awahi kazi ya jioni, au atakupitisha kwenye maduka yanayomlipa kamisheni. Lipa bei ya haki na udai huduma kamili.

Ndani ya bei lazima viwemo mafuta, dereva, maegesho na saa zilizotajwa. Nje ya bei kwa kawaida ni viingilio, boti, chakula, na bakshishi kwa anayekutembeza shambani. Mtanzania abebe kitambulisho: kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni wa nje havilingani hata kidogo, na bila kitambulisho mlangoni hakuna mjadala. Chakula cha mchana cha dereva si sharti, lakini ukimpa shilingi elfu chache akale mgahawa wa kijijini, umefanya jambo jema na anajua samaki mzuri yuko wapi. Mwulize, na wewe ukale huko huko kama hujaweka meza penginepo.

Jambo la kupatana kwenye "siku nzima" ni saa. "Siku nzima" kwa wewe ni hadi jioni. Kwa dereva mwenye kazi nyingine inaweza kuwa hadi saa kumi. Taja saa ya kuanza na ya kumaliza, na bei ya kila saa ya ziada. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kuwa mkataba, alimradi umejibiwa "sawa":

"Assalaam alaykum. Naomba gari siku ya Jumanne, watu wazima wanne na mtoto mmoja. Kutuchukua Forodhani saa mbili asubuhi, Jozani, Pingwe, Paje, kurudi mjini saa kumi na mbili jioni. Bei ya gari nzima, mafuta na maegesho ndani, viingilio juu yetu. Hatuhitaji kusimama madukani. Naomba picha ya gari yenyewe nje na ndani, namba ya usajili, na jina la dereva atakayekuja."

Arubuni isizidi robo ya bei, na itumwe kwa namba ya simu inayotoa jina lile lile uliloambiwa. Nusu ya bei lipa gari ikifika na umeikagua, zilizobaki mwisho wa siku. Anayetaka yote kabla hana sababu nzuri.

Sentensi ya mwisho ya ujumbe ule, jina la dereva atakayekuja, ndiyo inayozuia tatizo kubwa la soko hili. Unayezungumza naye huenda ni dalali. Anachukua bei yako, anakata chake, anampigia dereva wa kwanza, ambaye naye akiwa na kazi anamwuzia mwenzake. Mpaka gari inafika mlangoni, anayeendesha amebakiwa na pesa kidogo, hakuelezwa Pingwe wala saa za maji, na gari siyo ile ya pichani. Ugomvi unaotokea asubuhi hiyo ni kati ya watu wawili ambao wote hawana kosa. Zungumza na dereva mwenyewe usiku wa kabla yake, kwa sauti, umsomee ratiba. Dakika tano tu.

Gari ya hotelini ndiyo ghali kuliko zote, ila ikiharibika inaletwa nyingine. Kampuni ya utalii yenye leseni ya Kamisheni ya Utalii inafuatia kwa bei, na ndiyo chaguo letu kwa wazee na watoto wadogo. Dereva binafsi aliyependekezwa na mtu aliyempanda ndiye bora kwa thamani ya pesa, tena kwa mbali. Udhaifu wake ni kwamba akiumwa au gari ikilala gereji, hana mbadala. Teksi za Forodhani na za bandarini zinafaa kwa safari fupi. Kwa siku nzima ya kesho, usifunge bei na papasi, yule dalali wa mitaani, aliyekufuata kutoka getini Malindi huku umebeba mabegi. Hapo huna nafasi ya kufikiri.

Gari yenyewe

Noah ina viti saba au nane kwa karatasi. Kwa starehe ni watu watano, na ukiwa na masanduku makubwa ni wanne, kwa sababu mizigo inataka kiti cha nyuma kikunjwe. Watu sita na mizigo ni Hiace, usikubali kuambiwa "mtabanana tu". Teksi ndogo zinatosha wawili au watatu, lakini njia ya mwisho kuingia hoteli nyingi za Matemwe, Jambiani na Michamvi ni ya mawe ya matumbawe, na gari ya chini huburuza tumbo.

Ikifika, zunguka nayo dakika tatu kabla mizigo haijapakiwa. Tazama matairi, hasa ubavu wake: yale mawe ya matumbawe hukata ubavuni, na tairi lililokatwa hapo haliendi kwa kiraka. Wakati wa masika tairi lililoisha kashata huteleza kwenye lami yenye maji na mchanga. Omba kuona spea na jeki, na uibonyeze spea kama ina upepo. Spea isiyo na upepo ndiyo inayogeuza pancha ya dakika ishirini kuwa saa mbili za kusubiri fundi Kitogani.

Mikanda ya viti vya nyuma ifunge na uifungue yote. Magari mengi yamevalishwa vitambaa vya viti, na vishikizo vya mikanda vimezama chini yake. Dereva atasema haipo kumbe ipo, imefunikwa. Ifukue kabla ya kuondoka. Kiti cha mtoto ni nadra kupatikana, mwenye mtoto mdogo aje nacho.

AC ijaribiwe gari ikiwa imesimama na injini inawaka, siyo ikitembea. Feni yake ikiwa imekufa, hewa itakuwa baridi barabarani na ya moto kwenye foleni ya Mwanakwerekwe, na dereva atakwambia gesi imepungua. Sikiliza pia breki kwenye mita mia za kwanza: mlio wa chuma kwa chuma ni sababu ya kutosha ya kuomba gari nyingine. Hewa ya chumvi huku inakula vyuma vya chini haraka, na gari inayong'aa juu inaweza kuwa imeoza chini.

Halafu karatasi. Namba ya Zanzibar huanza na Z. Uliza bima ni ya gari ya biashara au ya matumizi binafsi, kwa kuwa gari ya mtu binafsi inayobeba abiria wa kulipa inaweza kukataliwa fidia ajali ikitokea. Uhai wa bima unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari. Dereva mwenye karatasi kamili hupita vizuizi kwa salamu. Asiye nazo utamwona anateremka kila mara, na dakika zako zinakwisha pembeni ya barabara. Faini za makosa yake ni zake. Hilo halina haja ya kujadiliwa barabarani.

Dereva, ibada yake, na kamisheni

Dereva si mwongoza wageni. Wengine wanajua historia ya kila kijiji, na hiyo ni baraka, lakini umemkodi aendeshe kwa usalama, ajue njia na ajue wakati. Mwite Bwana, Sheikh, au Mzee kama umri wake ndivyo. Salamu kamili asubuhi inafungua siku vizuri kuliko bakshishi ya jioni.

Ijumaa, panga kituo kirefu kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana, mahali penye msikiti karibu. Paje au Jambiani panafaa, wewe ukila au ukiogelea, yeye akiswali. Ukimweka barabarani saa hizo utamnyima swala au atakimbiza gari kuiwahi, na yote mawili ni mabaya. Mwezi wa Ramadhani dereva amefunga: siku ianze mapema, imalizike saa kumi ili afike kwake kabla ya magharibi, na saa ya mwisho kabla ya futari iwe ya kuepukwa barabarani kwa jinsi magari yanavyokwenda mbio. Migahawa ya vijijini hufungwa mchana, kwa hiyo chakula chako kitakuwa cha hotelini au cha kubeba, na ustaarabu ni kutokula ndani ya gari mbele yake.

Kamisheni zipo, na haifai kumchukia mtu kwa ajili yake. Maduka ya viungo, ya vinyago na baadhi ya mikahawa humpa dereva kitu kwa kila mgeni anayenunua. Tatizo ni pale kituo cha nusu saa kinapokula nusu saa ya Jozani, au anapokwambia mahali ulipochagua pamefungwa. Ukiambiwa pamefungwa, piga simu mwenyewe. Kwa shamba la viungo chagua Kizimbani au Kidichi, ulizia bei ya kuingia kabla ya kushuka, na ujue kwamba yule kijana anayekusukia kofia ya majani ya mnazi naye atatarajia chochote. Mwisho wa ziara utapitishwa mezani penye pakiti za karafuu na mdalasini. Sokoni Darajani zinapatikana pia, kwa bei ambayo unaweza kulinganisha duka kwa duka.

Pa kukutania mjini patajwe kwa jina ambalo gari inafika. Hoteli nyingi za Mji Mkongwe ziko ndani ya vichochoro, na "nje ya hoteli" hakuna maana kwa dereva. Forodhani, Mnazi Mmoja, Shangani penye uwanja wa Kelele na Darajani zinafikika. Omba mtu wa hotelini akusaidie mizigo hadi hapo.

Bandarini, dereva asisubiriwe ndani ya geti. Akutane nawe nje, upande mliokubaliana, na awe amekutumia picha ya alipoegesha, maana boti kutoka Dar es Salaam ikishusha watu mamia kwa pamoja, kila mtu anaita "teksi". Uwanja wa ndege mpe namba ya ndege na jengo la abiria, siyo saa peke yake, ili ndege ikichelewa aone mwenyewe. Na mkubaliane mapema kama kusubiri kunalipiwa.

Siku ya kuondoka kutoka Nungwi au Paje kwenda uwanjani, hesabu saa mbili za barabara hata kama ramani ya simu inasema saa moja na dakika ishirini. Ndege ya saa nane mchana inataka uwe uwanjani saa tano, kwa hiyo gari iwe mlangoni saa tatu kamili. Mpigie dereva usiku uliotangulia, umwulize kama mafuta yamo tayari.